Kijana Anauliza Anunue Nini, Nani Amemuuliza Kazi Inakwama Wapi?

Msyuu! Hebu acheni kwanza. Kijana wa watu amekaa kwenye benchi hili tangu alasiri, ameuliza swali moja tu: "Wakubwa, nataka kuboresha mashine yangu, ninunue nini?" Majibu yamemiminika. Dereva bajaji anamwambia achukue Mac, kwamba watu wa maana wote wanatumia Mac. Jamaa wa duka la simu anamwambia afunge kadi kubwa ya grafiki, habari iishe. Mwingine, ambaye hajawahi kukata hata video ya sekunde kumi, anamwambia auze kila kitu aanze upya. Mpaka muuza kahawa kachangia. Ila hakuna aliyemuuliza: mdogo wangu, kazi yako inakwama wapi?

Mniache niseme leo, maana jambo hili linaniuma. Huyu kijana mnamwita fundi video kama vile ni fundi wa kuja kuziba bomba akaondoka. Harusi zote za mtaa huu wa kwetu Magomeni ziko kwake. Send-off, kitchen party, maulidi, mahafali ya chekechea, mazishi ya wazee wetu. Ofisi yake ni chumba cha uani kwa mama yake, kitanda huku, meza kule, na feni ameielekeza kwenye kompyuta, mwenyewe analala na joto. Anaposema vifaa vya nyumbani anazungumzia chumba hicho, soketi mbili za ukutani na LUKU ya mama. Na fedha anayotaka kununulia hivyo vifaa bado hana. Anataka kwenda kukopa kwa wale wa kausha damu, wanaokusanya rejesho kila siku ya Mungu. Sasa mtu anakwenda kuingia kwenye shimo la namna hiyo kwa ushauri wa winga wa Kariakoo ambaye analipwa kwa kila kitu kinachouzika?

Nimemkalisha pembeni nikamuuliza mimi. Akanieleza vizuri tu, kumbe shida anaijua ila hapati msikilizaji. Alikuwa na kamera ya Sony a7 III, ile ya 2018, na kazi ilikwenda. Akaiuza, akaongeza, akapata a7 IV, ya 2021, mtumba safi. Tangu siku hiyo kompyuta yake inakwamakwama. Akibonyeza cheza, sauti inakwenda, picha inabaki nyuma. Winga akamwambia, dawa ni kadi ya grafiki, RTX ya toleo fulani, na bei akamtajia hapohapo.

Tuanze na hesabu ambayo winga hakumfanyia. Kamera yake ya zamani iliandika video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 12 na nusu kila sekunde, na kwa saa nzima ni gigabaiti 45. Diski ya kawaida, ile inayozunguka, ikiwa nzima inasoma megabaiti 100 na zaidi kwa sekunde. Kwa hiyo mkondo mmoja wa video kama hiyo hauielemei diski hata kidogo. Mzigo uko kwenye kuifungua hiyo video.

Kamera haihifadhi kila picha nzima nzima. Kodeki ya H.264, iliyotoka 2003, na mdogo wake H.265 wa 2013, zinahifadhi picha moja kamili, halafu kwa zinazofuata zinaandika kilichobadilika tu. Bibi harusi kanyanyua mkono, huo mkono unaandikwa. Pazia la ukumbi halijatikisika, halirudiwi. Ndiyo maana faili linakuwa dogo kiasi cha kuingia kwenye kadi ya kamera. Lakini mhariri akisimama katikati ya wimbo, kompyuta inalazimika kurudi mpaka ilipo ile picha kamili ya karibu, ianze kujenga zilizofuata moja baada ya moja hadi ifike pale alipogusa. Akirudi nyuma hatua moja, inajenga tena. Na kila picha ya 4K ina nukta milioni 8 na karibu laki 3, mara nne ya HD kamili. Mtu anayetazama tu, anakwenda mbele taratibu na mambo yanakwenda. Mhariri anaruka huku na kule siku nzima, na kila mruko ni kazi mpya.

Kamera mpya imeongeza jingine juu ya hilo. Ile ya zamani iliishia biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. Hii inatoa biti 10, ngazi 1,024, tena kwa mpangilio wa rangi unaoitwa 4:2:2. Ni kitu kizuri, simlaumu kijana kuitaka. Ukivuta rangi za anga la magharibi pale Coco Beach halitoki mistari mistari, na nyuso zetu nyeusi kwenye mwanga hafifu wa ukumbi zinabaki na kina chake badala ya kuwa doa moja. Sasa basi, ndani ya kompyuta kuna kipande maalumu cha kufungua kodeki tu, na kila kipande kina aina kinazozijua na kisizozijua. Kadi za NVIDIA za RTX 30 na RTX 40, pamoja na bei zake zote, hazikuwekewa uwezo wa kufungua 4:2:2. Uwezo huo umekuja na RTX 50, mwaka 2025. Kumbe ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha 11, inafungua H.265 ya 4:2:2 yenye biti 10 bila jasho. Chipu ya M1 ya Apple, iliyotoka mwishoni mwa 2020, nayo inaifungua.

Mnaelewa maana yake? Kijana angekopa, akafunga kadi ya RTX 30, akarudi nyumbani, na picha ingebaki nyuma ya sauti vilevile kama jana, huku mdai wa kausha damu anagonga mlango wa mama yake kila jioni. Ni sawa na kuongeza meza ukumbini wakati jikoni sufuria ni moja. Msyuu!

Sisemi kadi ya grafiki ni takataka. Kwa anayepaka rangi kwenye DaVinci Resolve, anayeondoa chengachenga za picha za usiku, anayeweka maandishi yanayoruka na kuzunguka, kadi nzuri inaokoa saa nyingi. Ninachosema ni kwamba kila kifaa kina kazi yake, na ukienda dukani bila kujua kazi iliyokwama utauziwa kile winga alichonacho.

Na mtego mwingine huu hapa, maana nimeshaona vijana wawili watatu wameingia. Prosesa za Intel zina herufi mwishoni mwa jina. Ukiona F, kwa mfano i5-12400F, ujue hiyo haina grafiki ya ndani. Ile i5-12400 isiyo na F inayo. Zinafanana kwa mengine yote, na yenye F huwa nafuu kidogo, kwa hiyo muuzaji anaisifia. Kwa mcheza gemu mwenye kadi yake, sawa. Kwa mhariri wa video za biti 10, herufi hiyo moja imemnyang'anya kile hasa alichokuwa anakihitaji. Pia, ukinunua mashine za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya, angalia kizazi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha vighairi vichache. Ile shehena ya kizazi cha 6 na cha 7 inayouzwa kwa bei ya kutupa ina sababu yake ya kutupwa.

Lakini kabla hajatoa hata shilingi kuna dawa ya bure, na inanisikitisha kwamba hakuna aliyemwambia. Inaitwa proksi. Unaiambia programu itengeneze nakala nyepesi ya kila klipu, unahariri kwa hiyo nyepesi, na ukifika kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, programu inarudi yenyewe kwenye faili asilia. Mtazamaji wa mwisho haoni tofauti yoyote, kwa sababu tofauti haipo. Nakala ya ProRes Proxy ya HD kamili, picha 25 kwa sekunde, ni kama megabiti 38 kwa sekunde, gigabaiti 17 kwa saa. Na uzuri wake si udogo tu. Humo kila picha imehifadhiwa peke yake, haimtegemei jirani, kwa hiyo ukiruka popote inafunguka papo hapo. Premiere Pro inayo njia hiyo tangu 2016, na DaVinci Resolve inayo.

"Lakini kaka, proksi zinachukua muda kutengeneza."

Zinachukua, ndiyo. Ziwashe ukiwa unalala. Mashine yako hiyohiyo ya leo, bila mkopo, itakukatia harusi ya Jumamosi. Halafu ukishakata harusi kadhaa na fedha imekaa, hapo ndipo ukanunue kwa akili iliyotulia.

RAM nitaipitia haraka. Gigabaiti 8 kwa 4K ni mateso, 16 unapumua, 32 unasahau kama kuna kitu kinaitwa RAM. Weka vijiti viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, maana prosesa inavisoma kwa pamoja. Ukitaka laptopu, uliza kwanza kama RAM yake inaongezeka. Kwenye Mac zote za chipu za M haiongezeki, utakayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Na usishangae bei: mwishoni mwa 2025 viwanda vya kumbukumbu vilielekeza mzigo wao kwenye mitambo ya akili bandia, na Micron wakatangaza Desemba ya mwaka huo kwamba wanaachana na Crucial, chapa yao ya kuwauzia watu wa kawaida kama sisi. Mwenye vijiti vizuri kwenye mashine ya zamani asiviuze kwa pupa.

Sasa nije kwenye kinachonichoma hasa. Muulizeni huyu kijana harusi za mwaka jana ziko wapi. Muulizeni! Ziko kwenye eksteno moja. Moja, jamani. Inakaa mezani, waya wake umepita pale mtu anapopita kwenda kitandani.

Dada wa saluni hapo ng'ambo anajua ninachokisema. Siku ya send-off yake baba yake alisimama akasema maneno, mzee ambaye hakuwa msemaji, akatoa nasaha yake huku analengwa na machozi, ukumbi mzima ukanyamaza. Fundi aliyepiga siku ile alikuwa na kila kitu kwenye diski moja, kama huyu. Diski ikavutwa na waya ikaanguka sakafuni. Ile diski ndani ina sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Ikianguka huku inazunguka, kichwa kinakwangua sahani, na kilichokwanguliwa hakirudi. Mzee alifariki miezi michache baadaye. Dada anazo picha za mnato na sauti ya sekunde chache mtu alizorekodi kwa simu akiwa meza ya nyuma. Fundi alirudisha fedha. Fedha hiyo dada hajui hata aliifanyia nini.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kadi, kabla ya RAM, kabla ya skrini, kijana anunue diski. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la fundi video ni nakala. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeipa umaarufu kanuni ya 3-2-1 miongoni mwa watu wa picha: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Wengi wanaisikia wanasema hiyo ni ya wazungu wenye fedha. Aka! Fanyeni hesabu. Kamera 2, kila moja ikirekodi saa 3 kwa ile megabiti 100, ni gigabaiti 270. Diski ya terabaiti 2 inabeba harusi kama hizo 7. Gawanya bei ya diski kwa 7, uone kama inafika hata nusu ya fedha ya mapambo ya meza kuu.

Na kadi za kamera zisifutwe mpaka faili ziwe zimekaa sehemu mbili na umefungua klipu kadhaa ukaziona zinacheza. Nimeona kijana anafuta kadi usiku huohuo ili aende nayo kwenye tukio la kesho yake. Kadi ya ziada ni bei gani ukilinganisha na siku ya mtu isiyorudi?

Ile ya kufanyia kazi iwe SSD, maana ni nyepesi na haina sahani ya kukwanguka. Ya kuhifadhia iwe ile ya kuzunguka, kwa sababu ni nafuu kwa kila gigabaiti, na SSD ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba taratibu. Ya kuzunguka nayo siyo ya milele, iwashe mara mojamoja uone iko hai. Ukinunua SSD ya nje, angalia na waya. Kuna vijana wamenunua SSD ya maana wakaichomeka kwa waya wa kuchajia simu, na nyaya nyingi za chaji, hata zenye kichwa cha USB-C, ndani ni USB 2.0. Hizo gigabaiti 270 kuzihamisha kwa USB 2.0 zinakaribia saa 2. Kwa SSD inayokwenda megabaiti 400 kwa sekunde, na tundu lake la kweli la USB 3, ni kama dakika 11. Ndiyo hayo mambo mtu anadhani kompyuta imezeeka, kumbe waya.

Halafu kuna uhuni wa diski feki. Inaandikwa terabaiti 2, inauzwa bei ya chakula cha mchana, ukiichomeka kompyuta inakuonyesha terabaiti 2 kweli, kwa sababu kidhibiti cha ndani kimefundishwa kusema uongo. Ndani kuna kijikadi kidogo cha memori kilichobandikwa gundi. Unajaza, inakubali, ikifika kikomo chake inaanza kuandika juu ya vya mwanzo, na majina ya faili yanabaki palepale yakikudanganya. Utajua siku ya kufungua. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza diski nzima kisha inaisoma yote. Diski yoyote iliyonunuliwa mtaani ipite hapo kwanza, hata kama itachukua usiku kucha, na muuzaji aambiwe mapema kwamba isipofaulu inarudi.

Mzee wetu fundi redio, ambaye amekaa kimya muda wote huu, akakohoa. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Na umeme je?" Neno hilo moja lilitosha kunyamazisha benchi zima.

Umeme, ndiyo. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwaka 2024 hatuzungumzii tena mgao kama ule uliotangulia, lakini nguzo bado zinaanguka, mvua inanyesha, na umeme unarudi kwa kishindo. Mzee alieleza vizuri kuliko winga yeyote. Hiyo fridge guard mliyofunga, alisema, inakata umeme ukishuka au ukipanda mno, na inasubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Inalinda kifaa kisiungue. Faili lililokuwa linaandikwa wakati huo hailioni. Kwa kompyuta ya mezani unataka UPS, na si ya kukaa nayo saa nzima uendelee kuhariri. Unataka dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Angalia wati, wala usidanganywe na ile namba kubwa iliyoandikwa VA. UPS ya 650 VA mara nyingi inabeba wati 400 au pungufu. Ukishafunga hiyo kadi kubwa ya grafiki na skrini, wakati wa kurenda unaweza kuvuka hapo, na UPS itazima palepale umeme unapokatika.

Betri yake ni ya risasi, na betri za risasi hazipendi joto. Wataalamu wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinapunguza umri wake karibu nusu. Chumba cha uani cha Dar mwezi wa pili mnakijua. Kwa hiyo UPS isibanwe chini ya kitanda, na ijaribiwe kila baada ya miezi michache kwa kuchomoa waya ukutani, badala ya kusubiri giza likwambie kwamba betri ilishakufa. Mwenye laptopu ana afadhali, betri anayo ndani. Lakini ile diski kubwa ya mezani yenye adapta yake inazimika huku laptopu inaendelea, na hapo ndipo faili linapoharibika. Tena wengi wameifomati kwa exFAT ili isomeke kwenye Mac na Windows, na exFAT haina kumbukumbu ya hatua za uandishi kama ile ya NTFS inayosaidia kurekebisha kilichokatikia njiani. Kama huna Mac, tumia NTFS. Na bonyeza toa kwa usalama kabla ya kuchomoa, hata ukiwa na haraka ya kuwahi bodaboda.

Vumbi pia. Kompyuta ikipata joto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Fundi aifungue, apulize vumbi, abadilishe ile grizi iliyokauka juu ya prosesa. Kuna mashine zimehukumiwa kuwa kuukuu na kinachozikaba ni vumbi la barabara yetu.

Skrini nitaisema kwa kifupi. Laptopu nyingi za bei ya chini zinaonyesha rangi pungufu, kwa hiyo kijana anaongeza wekundu mpaka anaona sawa, kwenye simu ya mteja bwana harusi anatoka kama aliyechomwa na jua. Tafuta skrini ya IPS inayofikia sRGB kwa asilimia karibu 100, mtumba tu inatosha, na usihariri huku mwanga wa dirishani unaipiga. Na kwa vile umeme wetu ni wa hezi 50, rekodi picha 25 au 50 kwa sekunde na shata ya 1/50 au 1/100, uone kama zile taa za ukumbi zitaendelea kumetameta. Hilo halihitaji kununua chochote.

Programu. Nilimuuliza anatumia nini, akainamisha kichwa. Kraki. Simhukumu, lakini asikie: virusi vya ukoo wa STOP/Djvu vilisambaa kwa miaka hasa kupitia programu za kraki. Vinafunga kila faili kwenye mashine na kwenye diski iliyochomekwa, kisha vinakuachia ujumbe wa kutaka fedha. Yaani unaokoa ada ya programu, unaweka rehani harusi za mtaa mzima. DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ina toleo la bure kabisa, linatoa mpaka 4K ya picha 60 kwa sekunde bila alama ya maji. Baadhi ya mambo wameyaweka kwenye toleo la kulipia, lakini hilo unalinunua mara moja, dola 295, hulipi kila mwezi. Kabla hujahamia, pakua la bure, uijaribishe na klipu za kamera yako uone zinavyokwenda kwenye mashine yako.

Intaneti, wateja mnisikilize na nyie. Mnadai 4K, mnadai droni, halafu mnasema "nitumie WhatsApp", ambako video inakamuliwa mpaka nyuso zinakuwa mabonge. Filamu ya saa moja kwa HD nzuri, megabiti 10 kwa sekunde, ni gigabaiti 4 na nusu. Kama kasi ya kupandisha nyumbani kwa kijana ni megabiti 5, hiyo ni saa 2 kamili za kupandisha, na wengi wakinunua kifurushi wanatazama kasi ya kushusha tu. Na wale wanaosema kila kitu kipande mtandaoni, diski za nini: 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na nchi yetu na majirani tukakaa tukiitazama simu isiyofungua kitu. Mtandaoni pawe sehemu mojawapo, pasiwe pekee.

Basi kijana akatoa simu akaanza kuandika upya orodha yake. Diski mbili juu kabisa. Waya. Kadi moja ya ziada. UPS kwa ajili ya ile ya mezani, baada ya kusoma wati. Grizi na vumbi, kwa fundi wa mtaani. Proksi usiku huu. Prosesa isiyo na F baadaye, ikifika zamu yake. Kadi ya grafiki aliifuta. Nikamwona anasita, akauliza: "Kaka, hizi diski mbili kwa kila harusi saba nitazitoa wapi, wakati watu wananilipa baada ya mwezi, wengine hawalipi?"

Swali hilo hakutuuliza sisi wa benchi peke yetu. Kamati za harusi mnakaa vikao wiki kwa wiki, mnahesabu kreti za soda moja moja, mnajua bei ya keki, ya MC, ya gari la maharusi. Video mnaiandika mstari wa mwisho, na fundi mnampa nauli na ahadi. Kwenye kikao kijacho, chini ya mstari huo wa video, andikeni diski 1 ya terabaiti 1, na fedha yake itoke kabla ya siku yenyewe pamoja na nusu ya malipo. Fundi atanunua ya kwake kwa hiyo nusu. Hiyo ya kamati, akimaliza kazi, aijaze faili zote asilia pamoja na filamu, amkabidhi bibi harusi akaiweke kwao. Ile nakala ya tatu ya nje ya nyumba tayari itakuwa imepata pa kukaa.